Meya Aliyekunywa Maji ya Mto

Malachi Dorgan hakuwahi kukosa msiba. Hilo hata maadui zake walimkubalia. Mtu akifa Kata ya Kwanza, kule chini mtoni Port Kessler, jeneza lilikuwa bado halijakaa sawa juu ya viti vya sebuleni, saa ya ukutani haijasimamishwa kwa heshima ya marehemu, na Malachi alikwisha kufika, kofia mkononi, kapiga magoti kando ya maiti. Akimaliza sala alikwenda jikoni kukaa na wanaume, akavuta kiko cha udongo alichogawiwa, akanywa wiski kidogo, akasimulia kituko kimoja cha marehemu mpaka mjane mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Kesho yake gari la makaa ya mawe lilishusha mzigo mlangoni kwa wafiwa, na hakuna aliyeuliza nani kalituma. Watu wa mlimani, wale wa nyumba zenye bustani na vijakazi, walimwita meya wa matanga. Walidhani wanamtukana.

Siasa alifundishwa na Gus Hackett. Hackett alikuwa na baa kwenye kona ya Mtaa wa Feri, alikuwa na magari ya makaa, na alikuwa na madiwani. Mwenyewe hakugombea cheo chochote maishani mwake. Alisema vyeo ni vya watu wanaopenda kupigwa picha. Malachi alianza kwake akiendesha gari la farasi la kusambaza makaa, kijana mrefu mwenye sauti nzuri, mwenye kumbukumbu ya majina ya watoto wa kila nyumba. Hackett alipomwona anavyowabembeleza vibibi wa mtaani akamwambia, "Wewe tupa hilo sepetu. Kuanzia leo kazi yako ni kuzika." Malachi akazika. Akawa mtu wa kukusanya kura za mtaa, akawa diwani, na kabla mvi hazijaingia kichwani akawa meya.

Lakini kabla ya Hackett kulikuwa na Delia, dada yake. Wazazi wao walikufa kwa homa ya matumbo, baba kwanza, mama akafuata kabla udongo wa kaburi la baba haujakauka. Malachi naye ikamlaza, akiwa mtoto wa kuvaa kaptula. Delia, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, alikaa kando ya kitanda chake akimpa maziwa kwa kijiko, akimbadilisha mashuka, akimtukana kila alipotaka kufa. Alipopona, Delia akaenda kiwandani kuosha chupa ili mdogo wake apate viatu vya shule. Mikono yake ilikatwa na vioo vya chupa hizo ikabaki na makovu, na hakuwahi kumkumbusha. Watu wenye fadhila nyingi huzitaja kila Jumapili, ila Delia hakuwa mtu wa hivyo.

Sasa Delia alikuwa mjane wa mtu aitwaye Feeney. Alikuwa na nyumba palepale Mtaa wa Feri, akilaza na kulisha vijana wa kiwanda cha chuma, na alikuwa na binti mmoja tu, Winnie, aliyekuja wakati mama yake ameshakata tamaa ya kupata mtoto. Winnie alikuwa ameng'oka meno ya mbele na alipiga mluzi kupitia pengo hilo hata kanisani. Siku moja alimzika mwanasesere wake nyuma ya choo akatuma ujumbe ofisini kwa meya kwamba msiba uko kwao. Malachi aliwaacha wenye viwanda wamekaa kwenye viti vyao vya ngozi, akaenda, akavua kofia, akapiga magoti kwenye matope. Hadithi hiyo ilimpatia kura nyingi, lakini hakwenda kwa ajili ya kura. Mtoto yule alimpenda kufa.

Alichokitaka Malachi kwenye umeya kilikuwa kimoja tu: chujio la kusafisha maji ya mji. Daktari wa mji, Ansel Priddy, kijana mkavu asiyejua kucheka wala kuchekesha, alimweleza jambo lenyewe tangu muhula wa kwanza. Kila mji ulioko juu ya mto unamwaga vyoo vyake mtoni, na sisi wa chini tunavuta maji yaleyale kwa pampu na kuyanywa. Ndiyo maana kila mwaka homa ilipita Kata ya Kwanza nyumba hadi nyumba, na huko mlimani wanakonunua maji ya chemchemi kwa mitungi ilipita mbali. Mabwawa ya mchanga yangetosha kuyasafisha. Miji mingine imeshajenga. "Na kabla hayajajengwa?" Malachi aliuliza. "Wachemshe," daktari akajibu. Malachi akatoka ofisini, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Delia, akamwekea birika motoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Kila tone, dada. La kunywa, la kupigia mswaki, la kuoshea matunda."

"Na la kukuogeshea wewe?" Delia akamtania. Lakini alichemsha. Alichemsha tangu siku ile, kila asubuhi, mpaka vioo vya dirisha la jikoni vikafifia kwa mvuke.

Kuwaambia wengine lilikuwa jambo jingine. Meya hawezi kusimama akawaambia watu wake kwamba maji anayowauzia yanaua, halafu akashindwa kuwajengea dawa yake. Mara mbili Malachi alipeleka chujio kwenye baraza la madiwani, na mara mbili madiwani wa Hackett walilizika.

"Gus, watu wanakufa," alimwambia mchana mmoja pale baa.

"Watu wanakufa tangu Adamu, Mal. Wewe ndiye unayejua kuliko wote, umekula kwenye misiba yao." Hackett alikuwa anafuta kaunta polepole. "Niambie, nani atakupigia kura kwa sababu ya bwawa la mchanga? Makaa mtu anayaona. Kazi anaiona. Mchanga!"

Mwaka wa mambo haya, uchaguzi ukiwa unakaribia, Daktari Priddy alichoka kusubiri. Bila kumwuliza mtu aliandika gazetini kwamba maji ya mji ni sumu na kila nyumba ichemshe. Aliyekuwa anashindana na Malachi, Whitlock, tajiri wa kiwanda cha vioo, akalidaka hilo siku hiyohiyo. Alipita mitaani akisema Dorgan anawaua watu wake kisha anakuja kuwalilia. Tusimlaumu sana, kwa sababu alisema kweli, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kujali Kata ya Kwanza inakunywa nini. Wanawake walianza kuulizana kwenye bomba la mtaani. Wengine walianza kuchemsha. Hackett akamwita Malachi.

"Utasimama ukumbini Jumamosi," alisema, "ujaziwe jagi kutoka bomba la pale nje, kila mtu anaona, na utakunywa."

"Siwezi."

"Kwani unaogopa? Si ulishaugua utotoni wewe? Nimesikia aliyeugua homa haimrudii."

Daktari naye alikwisha kumwambia Malachi hivyohivyo, kwamba kuugua tena ni nadra sana. Ni watu wachache waliolijua jambo hilo, na yeye alitamani asingelijua.

"Wataacha kuchemsha, Gus."

"Wiki chache tu. Sikiliza, mwanangu. Ukishindwa, Whitlock hajengi kitu, anapunguza kodi za wenzake wa mlimani basi. Ukishinda, nakupa madiwani. Wote. Chujio lako nalipitisha mwenyewe. Nakupa mkono wangu hapa."

Akanyoosha mkono juu ya kaunta. Kwetu ahadi ya Gus Hackett ya mkono ilikuwa inatosha kuozeshea binti. Malachi akaushika.

Jumamosi ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Brendan ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Bendi ilipiga. Jagi likapitishwa mikononi mwa watu kutoka mlangoni hadi jukwaani, kila mmoja akalichungulia. Malachi akamimina. Maji yalikuwa na ukungu, na mchanga mwembamba ulizunguka chini ya glasi.

"Wanasema Kata ya Kwanza tunywe maji ya kupikwa!" alisema kwa ile sauti yake nzuri. "Kama wagonjwa! Kama vichanga! Kule mlimani wananunua ya mtungi, eti yetu yananuka. Jamani, mimi nimebatizwa kwa maji haya."

Akanywa yote bila kupumua, akaigeuza glasi juu ya kichwa chake, halikudondoka tone. Ukumbi ulipasuka. Wanaume walirusha kofia, wakakanyagana kuja kunywa yaliyobaki kwenye jagi. Safu ya mbele alikuwa amekaa Delia na Winnie mapajani. Winnie alikuwa anapiga mluzi. Delia alikuwa analia kwa fahari, na Malachi alipomwona akaangalia pembeni.

Asubuhi yake, baada ya misa, Malachi alikwenda kwa Delia. Vioo vya jikoni vilikuwa safi, havina mvuke, vinaonyesha barabara nzima. Birika lilikuwa juu ya kabati.

"Dada, mbona hujachemsha?"

Delia alikuwa anakata mkate wa wapangaji. Hakugeuka.

"Uliniambia uongo lini, Mal? Hapa jikoni au pale jukwaani?"

Macho ya Malachi yalikwenda kwenye birika, na dada mtu akaelewa.

"Basi kumbe," akasema taratibu. Akaweka kisu chini. "Ungenipa hata dokezo. Jana usiku hawa vijana wangu walirudi wanaimba jina lako. Leo nimewasha jiko, mmoja ananiambia, 'Mama Feeney, unamchemshia nani? Kaka yako anakunywa ya bomba, sisi tuna nini cha zaidi?' Wenzake wakacheka. Nifanye nini? Dirisha hili liko barabarani. Mvuke ukionekana, kabla ya saa sita mtaa mzima utasema dada wa Dorgan hamwamini Dorgan."

"Chemsha usiku. Ficha."

"Nyumba ya watu sita nifiche wapi? Kila mtu anachota ndoo ileile." Akamtazama. "Ukishindwa uchaguzi kwa sababu ya birika langu utanisamehe?"

Hapa ndipo Malachi alipopaswa kupiga meza. Alipaswa kumwambia uchaguzi uende zake, chemsha, choma hata nyumba. Mimi nimelifikiri jambo hili mara nyingi kwa hasira, na sijaona kingine cha kumtetea ila kwamba alikuwa karibu sana na chujio, alilisikia linanukia. Alihesabu kichwani kura, akahesabu madiwani, akaona miaka yote ijayo ya watoto wasiougua.

"Mpaka kura tu," alisema. "Kura zikipita unarudisha birika."

"Mpaka kura tu," Delia akakubali, akaendelea kukata mkate.

Winnie aliingia mbio kutoka uani, akachota kikombe ndooni, akanywa kama mjomba wake, bila kupumua, akakigeuza juu ya kichwa. Mama yake akacheka. Malachi naye akacheka, ndiyo, alicheka, kisha akaondoka na njiani akajisikia mwepesi.

Alishinda kuliko alivyowahi kushinda. Mioto iliwashwa kila kona ya kata, mapipa, milango mibovu, hata kibanda cha polisi kikaingia motoni. Baraza lilipokutana, chujio likasomwa mezani, na Malachi alikaa kwenye kiti chake kikubwa amejaa furaha. Diwani wa kwanza wa Hackett akasimama, akasifu sana wazo hilo, akaomba lipelekwe kwenye kamati likachunguzwe. Wa pili akaunga mkono. Wakaunga wote, na kila mtu alijua jambo likipelekwa kamatini halirudi.

"Ulinipa mkono!" Malachi alimwambia baadaye, amemshika Hackett koti mbele ya wanywaji.

"Nilikupa madiwani, Mal. Sikukwambia lini." Hackett akalinasua koti lake kwa upole kabisa. "Na kusema kweli, baada ya ile glasi yako, nani anataka chujio tena? Nimeuliza mtaani. Wanasema maji ni mazuri, meya mwenyewe anakunywa. Umelizika mwenyewe, rafiki yangu, na umelizika vizuri."

Hackett hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa anaeleza hesabu ilivyo. Chujio lilikuja kujengwa Port Kessler, lakini Malachi alikuwa ameshazikwa, akiwa bado meya, kwa msafara mrefu uliofunga mtaa mzima.

Siku ileile ya baraza Winnie alirudi kutoka shuleni na kichwa kinamuuma. Delia akamlaza, akampa chai. Kesho yake joto likapanda, likakataa kushuka. Daktari Priddy alikuja, akamfunua tumbo, akaona vile vidoa vyekundu vya homa ya matumbo, akafunika taratibu. Sasa Delia alichemsha kila tone. Vioo vya jikoni vilikuwa vinatiririka mvuke mchana kutwa, na mtaani hakuna aliyesema neno, kwa maana penye mgonjwa hapakosi maji ya moto. Malachi alikuja kila siku, akakaa kando ya kitanda kama Delia alivyomkalia yeye utotoni, akampa mtoto maziwa kwa kijiko. Mtoto alikuwa hamtambui tena. Alimwita kwa jina la mwalimu wake, akamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Alikufa kabla ya Krismasi, asubuhi, theluji inaanguka.

Kata yote ilikuja. Mchana ule walikuwa wanapanga foleni barabarani, wanaume wa kiwandani na masizi yao, vibibi na rozari zao, kina mama na watoto mgongoni na mkononi, wanaingia sebuleni kupiga magoti, wanatokea jikoni, wanatoka uani. Malachi alikuwa hajawahi kuona nyumba ya msiba iliyojaa hivyo, na aliposimama kwenye kona akiwatazama, akaona kitu kimoja waziwazi. Wote wako hapa. Kila nyumba ya Kata ya Kwanza ina mtu wake hapa, na hawatakusanyika tena hivi. Akamtafuta dada yake. Alimkuta kwenye chumba kidogo cha kuwekea vyakula, amekaa juu ya gunia la viazi, amefunga mlango nusu.

"Nitawaambia, Delia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilijua. Kwamba niliugua zamani ndiyo maana haikunipata. Kwamba waende nyumbani sasa hivi wakachemshe. Waniondoe, wanipige mawe, sijali tena."

Delia alikuwa hajalia tangu asubuhi, uso wake ulikuwa umekauka.

"Hao hawakujua, Mal," alisema. "Mimi nilijua. Uliniambia hapahapa jikoni kwangu. Ukiwaambia ulidanganya, kila mmoja atauliza, na dada yake je? Nami niliweka birika juu ya kabati kwa mikono hii, ili wapangaji wasinicheke."

"Hakuna atakayekusema."

"Sitawasubiri wao. Nitajisema mimi, kila siku ya Mungu, na wao watakuwa wananitazama na kujua." Akamshika kidole kimoja, alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo wakivuka barabara. "Sasa hivi wanasema homa imemchukua. Wanasema ni mapenzi ya Mungu. Niachie hilo. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Hapana."

"Hata makaa?"

"Hata makaa. Lakini watoto wa hawa watu, dada."

"Nawajua. Nimewafuta makamasi wote." Akakibana kile kidole. "Nakuomba, Mal. Sitaweza kuishi. Nenda mlangoni kapokee watu."

Alisimama pale, anapumua harufu ya viazi na vitunguu, anasikia wiski inamiminwa upande wa pili na mtu anaanza kusimulia habari za mluzi wa kanisani. Kama aliyemwomba angekuwa mtu mwingine angejua la kufanya. Alikuwa amelelewa na mwanamke huyu. Alimwinua, akamwekea shali yake sawa, akamrudisha sebuleni kando ya jeneza, kisha akaenda mlangoni.

Walikuwa wanamshukuru. Hicho ndicho kilichomuumiza kuliko vyote. Walimshika mkono kwa mikono miwili, wakamwambia wameguswa kwamba mtu mkubwa kama yeye homa haikuihurumia nyumba yake, kwamba ni mwenzao kweli, hakuna meya kama yeye nchi nzima. Mmoja alimnong'oneza habari ya mpwa wake anayetafuta kazi ya zimamoto, Malachi akamwambia atalishughulikia.

Halafu akaja Bi. Mulcahy wa nyumba ya pili, na mtoto wake wa mwisho amemlaza begani. Hakuingia. Alisogea karibu akashusha sauti.

"Nisamehe, Bwana Meya, si siku ya kukuuliza. Ila yule daktari kapita tena kwangu jana, anasema ni maji. Mume wangu kamfukuza, kasema ni mtu wa Whitlock. Lakini huyu wangu tangu juzi hana raha, na nina wengine watatu nyumbani." Alimwangalia kwa macho ya mtu anayeuliza jambo analoogopa. "Nichemshe?"

Malachi akafumbua mdomo. Juu ya bega la yule mama aliona theluji barabarani. Akageuza kichwa, akaona sebuleni, na Delia alikuwa ameacha kurekebisha ukosi wa gauni la Winnie jenezani, anamtazama yeye.

"Si uliniona nikinywa, Bi. Mulcahy?"

"Nilikuona kwa macho yangu."

"Na si mzima mimi huyu mbele yako?"

"Mzima kabisa, Mungu akuweke."

Bi. Mulcahy akashusha pumzi. Akamfuta mtoto pua kwa ncha ya shali, akamhamishia bega la pili, akaingia ndani kumpa Delia pole.